Kufiwa na Rafiki: Sarufi ya Msiba katika Maisha ya Mwanafunzi wa Chuo

Utangulizi

Mwanafunzi wa chuo anapofiwa na mzazi, kila mtu huwa anajua la kufanya. Mwakilishi wa darasa hupitisha mchango, zamani kwa karatasi na siku hizi kwa kikundi cha WhatsApp na nambari ya M-Pesa. Wahadhiri huarifiwa, ruhusa hutolewa, na wenzake huabiri matatu kwenda mazishini. Mwanafunzi huyo huyo anapofiwa na mwenzake wa chumbani, mambo hubadilika. Swali analokutana nalo kila afikapo ni hili: marehemu ni nani wako? Akijibu kwamba ni rafiki, jibu lake huonekana fupi mno. Matangani hukaa nyuma. Chumbani hufungasha vitu vya marehemu ili jamaa waje wavichukue. Jumatatu inayofuata hutarajiwa darasani saa moja asubuhi, kama kwamba hakuna lililompata.

Makala haya yanachunguza nafasi ya rafiki katika msiba, na yanafanya hivyo kupitia lugha. Hoja kuu ni kwamba Kiswahili, kwa muundo wa vitenzi vyake, kimekwisha kumpa rafiki nafasi ambayo desturi na taratibu za ofisi huchelewa kumpa. Hoja hiyo itajengwa kwanza katika mofolojia ya kitenzi kufiwa, kisha itapimwa katika maisha ya wanafunzi wa Eldoret, hususan tukio la mwaka 2015 lililowaleta Kesses mamia ya wanafunzi wafiwa. Baadaye yatatazamwa mafunzo yanayopatikana katika fasihi, na hatimaye yatatolewa mapendekezo kuhusu uandishi wa taazia ya rafiki.

Kitenzi kufiwa

Mzizi wa kitenzi hiki ni -f-, nao ni miongoni mwa mizizi michache ya Kiswahili inayounda vitenzi vya silabi moja. Ndiyo sababu husemwa anakufa na amekufa, kiambishi ku- kikibakizwa ili kukibeba kitenzi. Kinapoingizwa katika kauli ya kutendea, kitenzi hupata silabi ya ziada na ku- hiyo haihitajiki tena: anafia, amefia. Kauli ya kutendewa hufuata: amefiwa.

Inafaa kutua hapa. Kitenzi kufa si elekezi, hakina yambwa. Anayekufa hafi mtu wala kitu, na kwa hiyo kitenzi hiki hakitumiki katika kauli ya kutendwa. Mlango wa kumwingiza mtu wa pili hufunguliwa na kiambishi -i- cha kutendea. Kiambishi hicho huleta angalau maana tatu. Huonyesha mahali: mzee alifia hospitalini. Huonyesha kusudi: askari aliifia nchi yake. Tena humwonyesha yule aliyepatwa: mtoto alimfia mikononi. Maana hii ya tatu ndiyo inayozaa kufiwa.

Kiswahili kina vitenzi vingine vya jamii hii. Mvua hunyesha; aliyekuwa njiani kutoka maktabani bila mwavuli hunyeshewa. Jua huchwa, msafiri aliyechelewa huchwewa. Kunapambauka, aliyekesha akisoma hupambaukiwa. Katika kila mfano kuna jambo linalotukia lenyewe, bila kumlenga mtu, na kuna mtu ambaye jambo hilo limemkuta. Sarufi humtoa mtu huyo pembeni na kumweka mwanzoni mwa sentensi. Huwa kiima. Sentensi inamhusu yeye.

Matokeo ni mawili. Kwanza, katika sentensi kama mwanafunzi amefiwa na rafiki yake, kiima ni aliye hai, na marehemu hutajwa baada ya na. Kifo hapa kinasimuliwa kama jambo lililompata anayebaki. Pili, kitenzi hiki hakichagui ukoo. Mtu hufiwa na mzazi, na mume, na jirani, na mwalimu, na rafiki. Hata mfugaji husemwa amefiwa na ng'ombe wake. Hakuna kanuni ya sarufi inayoifanya sentensi yenye rafiki iwe duni kuliko sentensi yenye ndugu.

Tatizo huanzia kwenye nomino. Mfiwa imeundwa kwa njia iliyo wazi, kama zilivyoundwa mshtakiwa na mteuliwa: ni yeyote aliyefiwa. Hata hivyo, katika matumizi ya matangani wafiwa huwa ni jamaa walioketi mstari wa mbele. Wengine wote ni waombolezaji. Kitenzi kilimpokea rafiki, lakini nomino, ilipofika kwenye hema la matanga, ikamwacha nje. Makala haya yanachukua upande wa kitenzi.

Walio hai ndani ya tafsida

Ushahidi mwingine unapatikana katika tafsida za kifo. Tafsida hizo zinaweza kugawanywa katika makundi mawili kwa kuangalia viambishi vyake. Katika kundi la kwanza anayetajwa ni marehemu peke yake: amefariki, ameaga dunia, amekata kamba, amefumba macho. Katika kundi la pili walio hai wamo ndani ya kitenzi chenyewe. Husemwa ametutoka, ambapo -tu- ni kiambishi cha yambwa kinachowataja waliobaki. Husemwa hatunaye tena, ambapo waliobaki ndio kiima. Husemwa pia tumempoteza. Neno ametangulia linaelekea kusimama katikati: halina kiambishi cha walio hai, lakini maana yake haikamiliki bila ya watakaofuata nyuma.

Mgawanyo huu si wa darasani tu. Katika mabweni habari ya msiba hufika kwa mtu kubisha mlango, na anayebisha huchagua maneno. Akisema amefariki, ametoa habari. Akisema ametutoka, amejiweka pamoja na anayeambiwa. Wote wawili wamo ndani ya -tu-. Wazee wanaojua adabu ya kupasua habari ya msiba huchagua kundi la pili, na mwanafunzi wa isimujamii ana haki ya kuuliza kwa nini. Jibu linaloelekea kuwa sahihi ni kwamba kundi la kwanza humwacha mfiwa peke yake na habari, ilhali kundi la pili humfikishia habari na mwenzake kwa pamoja.

Udugu wa chumba kimoja

Swali sasa ni hili: je, rafiki wa chuoni anastahili kuwamo ndani ya -tu- hiyo? Jibu litafutwe katika maisha ya kila siku.

Shahada ya kawaida ya sanaa au ya elimu nchini Kenya huchukua miaka minne yenye mihula minane. Muhula ukichukuliwa kuwa wa majuma 15, wanafunzi wawili walioshiriki chumba kuanzia mwaka wa kwanza hadi wa mwisho watakuwa wamelala mita chache kutoka mmoja hadi mwingine kwa usiku 840. Ni vijana wachache wenye umri huo wanaoweza kusema vivyo hivyo kuhusu kaka au dada zao, hasa kwa kuwa wengi walitoka shule za bweni.

Usiku huo umejaa mambo madogo. Katika kampasi kuu ya Chuo Kikuu cha Moi huko Kesses, zaidi ya kilomita 30 kutoka mjini Eldoret, baridi ya Julai huwafanya wawili wavae koti moja kwa zamu. Pesa za mkopo wa HELB zikichelewa, mmoja hununua unga na mwingine sukuma wiki. Anayeamka mapema humwamsha mwenzake. Anayefika ukumbini kwanza humwekea mwenzake nafasi kwa kuacha daftari juu ya kiti. Kunapokuwa na jaribio, mmoja husoma maswali kwa sauti na mwingine hujibu akiwa anaosha sufuria. Ugomvi nao haukosekani: juu ya taa isiyozimwa, juu ya mgeni aliyekaa hadi usiku, juu ya sukari iliyokwisha bila maelezo. Ugomvi huo huisha kwa sababu mlango ni mmoja na ufunguo ni huo huo.

Wahenga walisema undugu ni kufaana, si kufanana. Methali hiyo huchezea kufanana na kufaana kwa makusudi, na uzito wake hutokana na kitenzi kufaa. Mwanafunzi asikichanganye na kufa, kwa maana mizizi ni miwili tofauti. Hata hivyo jirani hao wa sauti wamekutanishwa na wahenga katika methali nyingine, kufa kufaana, ambayo kwa kawaida huelezwa kwa urithi: kifo cha mmoja ni faida kwa mwingine. Katika maisha ya bweni methali hiyo inaweza kusomwa kwa namna njema zaidi. Msiba ndio unaobainisha ni nani waliokuwa wakifaana.

Ithibati huonekana siku jamaa wanapofika kuchukua vitu vya marehemu. Mzazi husimama mlangoni asijue aanzie wapi. Ni rafiki anayejua kwamba blanketi la kijivu ni la kuazima, kwamba vitabu viwili ni vya maktaba na vinadaiwa, kwamba kuna nguo bado ziko kambani, na kwamba kuna pesa kidogo ndani ya kamusi. Mzazi alimjua mtoto wake kwa miaka 20. Miaka miwili ya mwisho alikuwa akiijua rafiki. Wasifu wa marehemu bila ya miaka hiyo una pengo, na mwenye kuliziba ndiye yule aliyeulizwa marehemu ni nani wake.

Kutoka Garissa hadi Kesses, 2015

Hoja hii ilipata kipimo kizito mwaka 2015. Alfajiri ya Alhamisi tarehe 2 Aprili mwaka huo, magaidi wa al-Shabaab walikivamia Chuo Kikuu Kishiriki cha Garissa, kilichokuwa kimeanza mwaka 2011 chini ya Chuo Kikuu cha Moi. Watu 148 waliuawa, na 142 kati yao walikuwa wanafunzi. Masomo yalisimamishwa. Wanafunzi walionusurika walihamishiwa kampasi kuu ya Moi ili waendelee na masomo yao. Chuo cha Garissa kilifunguliwa tena Januari 2016, na mwaka 2017 kikapata hati ya kuwa chuo kikuu kamili.

Safari hiyo ilikuwa ya kutoka nyanda kavu za joto kando ya Mto Tana hadi nyanda za juu, zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, katika msimu wa mvua. Lakini tofauti ya hali ya hewa ilikuwa ndogo ikilinganishwa na tofauti nyingine. Katika msiba wa kawaida mfiwa ni mmoja au ni familia moja, na wafariji ni wengi. Hapa waliofika ni wafiwa wengi kwa pamoja, na kila mmoja alikuwa amefiwa na watu zaidi ya mmoja. Tena karibu wote walikuwa wamefiwa na marafiki. Kwa kipimo cha ukoo, wengi wao wasingeitwa wafiwa hata kidogo. Hakuna aliyekuwa na sababu ya kuketi mstari wa mbele katika mazishi yoyote.

Mazishi yenyewe yalifanyika katika kaunti mbalimbali za Kenya, kila familia ikimzika mwanawe nyumbani kwao. Aliyepoteza wenzake watano asingeweza kuwasindikiza wote. Basi desturi ya mazishi, ambayo humfaa sana mfiwa kwa kumpa mahali pa kwenda, jambo la kufanya na watu wa kulia nao, haikumfikia kikamilifu yule aliyefiwa na wengi kwa siku moja.

Kuna methali isemayo kifo cha wengi harusi. Maana yake ya kawaida ni kwamba msiba unaoshirikiwa hupungua makali. Tukio la Garissa linailazimisha methali hiyo ijieleze. Harusi huhitaji wenyeji na wageni, na msiba vilevile unahitaji wafiwa na wafariji. Wote wanapokuwa wafiwa, hakuna wa kuteka maji. Hapo ndipo umuhimu wa wenyeji wa Kesses unapoonekana, wanafunzi ambao hawakuwa wamemjua hata mmoja wa marehemu. Waliotakiwa kufariji ni watu wasiojua hadithi, na njia iliyokuwa wazi kwao ilikuwa ile ile ya usiku 840: kuonyesha mahali pa kununua mboga, kuazima koti, kuwekeana nafasi ukumbini.

Jambo jingine la kuzingatia ni majina. Katika siku za kwanza idadi iliyotangazwa ilikuwa 147, nayo ilitajwa kila mahali. Wakenya wengi waliipinga namba hiyo kusimama badala ya watu. Mitandaoni walitangaza majina na picha za waliouawa, na jijini Nairobi walikusanyika katika Bustani ya Uhuru na kuwasha mishumaa. Kwa mwanafunzi wa fasihi hilo ni somo la utanzu. Tanzia, yaani tangazo la kifo, huanza kwa jina. Taarifa ya habari huweza kuanza kwa idadi. Umma ulipodai majina, ulikuwa ukidai tanzia mahali palipokuwa na taarifa tu.

Pole, makiwa na rambirambi

Mwenyeji asiyejua hadithi ana neno moja la kuanzia, nalo ni pole. Baadhi ya wanafunzi hulidharau neno hili kwa kuwa ni la kawaida mno. Aliyejikwaa huambiwa pole, aliyetoka kazini huambiwa pole, na aliyezika huambiwa pole. Hata hivyo udhaifu huo ndio faida yake. Pole haiulizi marehemu ni nani wako. Haidai sababu wala haitoi maelezo. Humkuta mtu alipo na kukiri kwamba limempata. Pwani kuna neno mahususi zaidi, makiwa, ambalo mfiwa huamkiwa kwalo. Neno hilo lina uhusiano na ukiwa, ile hali ya upweke na utupu wa mahali palipoondokewa na watu. Anayesema makiwa anautaja ukiwa waziwazi mbele ya mwenyewe, bila kuuficha.

Mji wa Eldoret una sababu nyingine ya kuyathamini maneno haya ya pamoja. Katika ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, eneo hili liliona misiba mikubwa, ikiwa ni pamoja na ile ya kanisa la Kiambaa lililochomwa tarehe 1 Januari 2008 na watu wakiwa ndani. Wanafunzi waliorejea vyuoni baada ya hapo walikuwa wa jamii tofauti, na baadhi yao walishiriki chumba. Katika hali kama hiyo, lugha ya mama ya mfiwa na ya mwenzake zinaweza kuwa ndizo lugha za pande mbili za ugomvi. Kiswahili hubaki kuwa lugha ambayo wote wawili wanaweza kuitumia kusema pole bila ya mmoja kuingia nyumbani kwa mwingine kwa nguvu.

Rambirambi ni hatua ya pili. Shuleni hufunzwa kama risala: mwanafunzi wa sekondari hufundishwa kuandika risala ya tahania na risala ya rambirambi kwa muundo maalumu. Mafunzo hayo yana manufaa, lakini yana hatari ya kumfanya mwanafunzi aamini kwamba rambirambi ni mtihani wa muundo. Vivyo hivyo mbolezi. Wengi huweza kuzitaja sifa zake katika fasihi simulizi, yaani toni ya huzuni, urudiaji na kumsifu marehemu, pasipo kuwahi kuuliza kwa nini urudiaji upo. Urudiaji upo kwa sababu mfiwa hulisikia jambo lile lile kichwani mara nyingi kwa siku. Wimbo unaolirudia humwonyesha kwamba wengine wanalisikia pia.

Mafunzo kutoka katika fasihi andishi

Riwaya ya Euphrase Kezilahabi, Kichwamaji, iliyotoka mwaka 1974, ni miongoni mwa maandishi ya Kiswahili yaliyomchunguza kwa undani mwanafunzi wa chuo kikuu aliyefiwa. Kazimoto, ambaye ni msimulizi na mhusika mkuu, anampoteza dada yake Rukia, na mama yao anafuata. Aliyempa Rukia mimba iliyoleta maafa hayo ni Manase, mtu anayefahamiana na Kazimoto. Kwa hiyo Kazimoto hakupata pigo la kufiwa tu. Na ule uhusiano ambao ungeweza kumbeba nao umeharibika. Wahakiki wengi wameisoma riwaya hii kwa mkabala wa udhanaishi, na usomaji huo una msingi imara. Lakini inaweza kusomwa pia kama hadithi ya mfiwa asiye na mwenzake. Kazimoto anafikiri sana na anazungumza na wengi, ila hana mtu wa kuomboleza naye. Msiba wake hugeuka kuwa falsafa na kisasi, na mwishowe anajiua.

Siku Njema ya Ken Walibora, iliyotoka mwaka 1996, inaelekea upande mwingine. Kongowea anafiwa na mama yake angali mdogo, kisha anafunga safari kutoka Tanga hadi Kitale akimtafuta baba yake. Huzuni yake ina njia ya kupita, nayo ni njia yenye watu. Baadhi yao wanamdhuru na wengine wanamfaa, lakini msomaji haachiwi kuamini kwamba mhusika huyu yuko peke yake duniani. Ukiziweka riwaya hizi mbili pamoja, tofauti haimo katika ukubwa wa msiba. Imo katika idadi ya watu wanaoushika msiba huo pamoja na mwenyewe.

Funzo hili lina matumizi ya moja kwa moja. Mwanafunzi aliyefiwa anayeacha kula, anayekosa madarasa kwa majuma au anayezungumzia kufa kwake mwenyewe hahitaji falsafa. Anahitaji mwenzake atakayeandamana naye hadi kwa mshauri nasaha, na kumngoja nje mpaka atoke.

Matanga bila mkeka, 2020

Mwaka 2020 waandishi hao wawili waliaga dunia, Kezilahabi mwezi wa Januari na Walibora tarehe 10 Aprili, alipogongwa na matatu jijini Nairobi. Walibora alizikwa baadaye mwezi huo katika Kaunti ya Trans Nzoia. Wakati huo vyuo vya Kenya vilikuwa vimefungwa tangu Machi kwa sababu ya ugonjwa wa korona, mikusanyiko ilikuwa imezuiwa, na mazishi yalihudhuriwa na watu wachache. Wanafunzi wa Kiswahili waliomsoma Walibora tangu sekondari hawakuweza kwenda kumzika. Wengi wao hawakuwa wamewahi kumwona ana kwa ana, ila kama mtangazaji wa habari katika runinga. Hata hivyo walisema tumefiwa, na hakuna aliyewauliza marehemu ni nani wao.

Tukio hilo linaitimiza hoja ya makala haya kutoka upande wa pili. Wakati mkeka wa matanga haukuweza kutandikwa, kilichobaki ni lugha, na lugha ilimkubali kila aliyeguswa. Ikiwa msomaji anaweza kuwa mfiwa wa mwandishi, basi mwenzake wa chumbani hawezi kunyimwa jina hilo.

Kuandika taazia ya rafiki

Wanachama wa vyama vya Kiswahili vyuoni mara nyingi ndio wanaoombwa kuandika na kusoma taazia mwanafunzi mwenzao anapofariki. Katika ratiba ya mazishi mwakilishi wa marafiki huweza kupewa dakika tatu. Dakika hizo zisipotezwe. Mapendekezo yafuatayo yanatolewa.

Kwanza, jina litajwe mapema na lirudiwe. Neno marehemu lisitumiwe kila mahali kana kwamba ndilo jina la mtu.

Pili, sifa za jumla zitoe nafasi kwa mambo mahususi. Sentensi kama alikuwa mchangamfu na mpenda watu inaweza kusemwa juu ya yeyote. Linganisha na hii: kila Jumapili jioni alipika chai ya watu wanne hata alipokuwa na maziwa ya watu wawili. Sentensi ya pili haikutaja ukarimu, ila imeuonyesha, na mzazi anayeisikia atakuwa amepewa kitu ambacho hakuwa nacho.

Tatu, mwandishi ajiweke ndani ya -tu-. Asiogope kuandika tumefiwa. Hatakuwa amewapokonya jamaa msiba wao; kiima cha wingi kina nafasi ya wote.

Nne, asieleze sababu ya Mungu wala ya majaliwa ikiwa familia haijaeleza. Kazi ya taazia ni kukumbuka na kufariji. Hukumu si yake.

Tano, akichagua shairi, arudhi imsaidie. Tarbia yenye kibwagizo huufaa msiba kwa sababu ya urudiaji uliotajwa hapo juu, lakini kina kisichopatikana kwa urahisi kisije kikamlazimisha mshairi kumsifu marehemu kwa sifa asiyokuwa nayo. Jamaa hutambua upesi.

Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba kitenzi kufiwa humweka aliyebaki kuwa kiima na hakimbagui kwa ukoo. Kwamba tafsida zilizo bora huwataja walio hai ndani ya viambishi. Kwamba maisha ya bweni huunda udugu wa kufaana ambao msiba huudhihirisha. Na kwamba yaliyotokea mwaka 2015 na 2020 yaliipanua maana ya mfiwa zaidi ya hema la jamaa. Kutokana na hayo, swali marehemu ni nani wako lisiwe la kufunga mlango. Rafiki akijibu kwamba walikuwa wakiishi chumba kimoja, jibu hilo limetosha. Aambiwe pole, apewe ruhusa, na awekewe nafasi ukumbini mpaka atakaporudi.

Maswali ya kujadili

1. Taja vitenzi vitano visivyo elekezi ambavyo, kama kufa na kunyesha, humpa aliyepatwa nafasi ya kiima katika kauli ya kutendewa. Eleza maana ya kila kimoja katika sentensi.

2. Kusanya tafsida kumi za kifo kutoka eneo unakotoka. Zigawanye kwa kigezo cha kuwapo au kutokuwapo kwa walio hai ndani ya kitenzi, kisha ueleze kila tafsida hutumiwa na nani kumwambia nani.

3. "Kifo cha wengi harusi." Jadili methali hii kwa kuzingatia hali ambamo hakuna mfariji asiyekuwa mfiwa.

4. Andika taazia ya maneno 200 ya rafiki wa kubuni, bila kutumia maneno mchangamfu, mkarimu, mcheshi wala mpenda watu.